Mikanda Inang'aa, Klipu Hazishiki: Beetle ya 1966 Katika Karakana Moja ya Malindi

Anayetaka mikanda ya alumini, ile mistari ya urembo inayopita nje ya bodi ya gari la zamani, ing'arishwe kwa mikono yenye subira atahudumiwa vizuri sana hapa. Anayetaka mikanda hiyo hiyo irudishwe kwenye bodi na ikae, ajiandae kusimamia kazi mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya karakana moja ya Malindi, upande wa barabara iendayo Lamu, inayojishughulisha na kuyafufua magari ya kale. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa lawama nilizo nazo ni za kuzungumzwa na mwenye kazi uso kwa uso, nami nimekwisha kuzungumza naye; isitoshe, wenye magari ya aina hii mjini ni wachache na watajua ninakokusudia.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1966, rangi ya maziwa, niliyoachiwa na ami yangu. Wengi huikumbuka Beetle kwa mashindano ya magari ya Safari Rally, ambayo Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, lakini gari la mashindano halihitaji urembo. Langu nililitaka kwa kazi ya harusi, na bwana harusi anayekodi gari la kale hutazama vinavyong'aa kwanza kabla hajauliza kama injini inawaka. Injini yangu ilikuwa ikiwaka vizuri. Kilichokuwa kimechoka ni urembo wote wa nje: mikanda, bampa, vishikio vya milango, na ule mstari wa kung'aa unaozunguka kioo cha mbele.

Modeli hii huvaa vipande 7 vya mkanda: kimoja katikati ya kifuniko cha mbele, ambacho kwa Beetle ndicho cha buti kwa kuwa injini iko nyuma, na vitatu kila ubavu, yaani kabla ya mlango, mlangoni kwenyewe na nyuma ya mlango. Ni vyembamba, vyepesi, na mtu asiyekuwa mwangalifu anaweza kukikunja kimoja kwa kukibeba tu. Alumini yake haikuachwa uchi kiwandani. Ilitumbukizwa katika tindikali na kupitishiwa umeme mpaka uso wake ukajenga ngozi nyembamba na ngumu ya oksaidi inayoulinda mng'aro ulio chini yake. Hapa kwetu hewa yenyewe ina chumvi, na kusi linapovuma miezi mingi mfululizo hakuna kipande cha madini kilicho karibu na bahari kinachosalimika. Ngozi ile ikishaliwa, mkanda hupiga ukungu mweupe wenye madoa, na hapo ndipo fundi asiyejua hushika kitambaa na dawa ya kung'arishia akasugua kutwa nzima bila faida, kwa maana anasugua ngozi, wala hajaifikia alumini.

Mafundi hawa walijua, na kwa hilo wanastahili sifa zao kamili. Waliulaza kila mkanda ndani ya bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu na kujazwa maji ya kostiki soda, wakasimama juu yake wakitazama, na povu lilipoanza kuchemka kwa nguvu wakauchomoa na kuusuuza kwa maji mengi, kwani kostiki ikishaimaliza ngozi ya oksaidi huanza kuila alumini yenyewe. Kisha kijana aliyepewa kazi ya kusugua akauweka mkanda juu ya ubao uliochongwa mfereji wa umbo la mkanda ule ule, ili usipinde chini ya mkono wake. Mabonde aliyatoa kutoka upande wa nyuma, kwa kijiti cha mti mgumu na nyundo ndogo, akigonga taratibu na kupitisha kidole kila baada ya mapigo machache, kwa sababu jicho hudanganywa na mwanga lakini kidole hakidanganyiki. Baada ya hapo msasa wa maji, kuanzia namba 400 na kuendelea hadi 2000, kisha gurudumu la kitambaa. Mkanda wa mlango wa kushoto ulikuwa na bonde ambalo mtu mwingine angenishauri nilizoee. Ulirudi umenyooka, na mstari wake wa katikati ukiwa mkali kama ulivyotoka kiwandani. Walitoza shilingi 800 kwa kila kipande, na kwa kazi ile ningelipa zaidi bila manung'uniko.

Tatizo la kwanza lilijitokeza baada ya mng'aro kupatikana. Kuirudisha ile ngozi ya oksaidi ni kazi ya matangi, tindikali na umeme wa kupimwa, na karakana haina vitu hivyo, jambo ambalo siwalaumu nalo. Ninachowalaumu ni kwamba walipuliza klia, yaani vanishi isiyo na rangi, juu ya alumini iliyosuguliwa mpaka ikawa laini kama kioo, bila kuniuliza, kisha wakanieleza kwamba sasa mkanda umekingwa. Klia haishiki vizuri juu ya uso ulio laini namna ile. Chumvi hupenya ukingoni na kutambaa chini yake kama nyuzi, na nyuzi hizo haziwezi kuondolewa mpaka klia yote itolewe. Vipande viwili vilianza kuonyesha nyuzi hizo kabla ya mvua za masika kwisha. Kwa gari linaloishi Malindi, afadhali alumini iachwe bila kupakwa kitu isipokuwa nta, ipanguswe kwa maji baridi kila linapotoka barabarani, na isuguliwe upya inapofifia. Ni usumbufu, naam, lakini ni usumbufu wa dakika chache.

Kuhusu kromu sina mengi. Bampa walizipeleka Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, nazo zikarudi nzuri. Nilichopenda ni kwamba msimamizi alifuatilia nikeli kuliko kromu yenyewe, kwa sababu kromu ya urembo ni tabaka lisilofika hata elfu moja ya milimita na kinachozuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini yake; bampa iliyonyimwa nikeli hupendeza siku ya kuchukuliwa, kisha hutoboka vijidoa vyekundu. Upande wa ndani, ambako kromu haifiki vizuri, waliupaka rangi ya kuzuia kutu bila kuambiwa. Vishikio vya milango walivikataa, na walifanya haki: vimetengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki, vimetoboka vishimo chini ya kromu, na fundi anayejaribu kuviziba kwa moto wa kuchomelea atajikuta ameviyeyusha, kwa kuwa zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 tu. Waliniambia nitafute vingine. Fundi anayekataa pesa kwa kazi asiyoiweza ni mtu wa kurudiwa.

Sasa tuje kwenye klipu, ambako ndiko fedha, wakati na heshima vilikopotelea.

Mkanda wa Beetle haugandishwi kwa gundi wala kufungwa kwa skrubu. Klipu ndogo za chuma huingizwa mgongoni mwa mkanda, kila klipu hukabiliana na tundu lake kwenye bodi, na kati ya klipu na tundu hukaa kipete kidogo cha raba au plastiki kinachozuia maji kuingia na chuma kukwaruza rangi. Vitu hivi vitatu, yaani klipu, kipete na tundu, ndivyo vinavyoamua kama urembo utakaa au utaanguka, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kazi ikishakwisha. Labda ndiyo sababu karakana haikuvitilia maanani.

Mikanda ya Beetle za kabla ya modeli ya 1967 ni mipana kidogo kuliko iliyofuata, na klipu zake nazo ni pana. Nililisema hilo siku ya kwanza, nikaliandika kwenye karatasi ya kazi. Klipu zilizoagizwa kutoka Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, zilikuwa za mkanda mwembamba. Fundi alizikunjua kwa koleo ili zijae mgongoni mwa mkanda mpana, na zikajaa, lakini klipu iliyokunjuliwa hupoteza ukali wake wa kurudi. Ndani ya uwanja wa karakana kila kitu kilikaa. Barabarani, baada ya matuta machache, mkanda wa mlango wa kulia ulianza kupiga kelele, na kabla sijafika Gede ulikuwa umening'inia kwa ncha moja.

Niliporudi, pendekezo la fundi lilikuwa hili: "Bwana, tupige ribiti mbili kila mkanda, tuzifiche kwa rangi. Harusini nani atainama kutazama?" Nilimjibu kwamba nitainama mimi. Ribiti za chuma alizokuwa nazo mkononi zingepita ndani ya alumini na kuingia kwenye bodi, na madini mawili tofauti yakikutanishwa na unyevu wa chumvi hufanya kazi ya betri, ambapo alumini ndiyo inayoliwa. Mkanda uliosuguliwa kwa ustadi ule wote ungetobolewa na wenye kuusugua, kisha uoze kuanzia kwenye tundu. Alinielewa, na kwa kweli hakuwa mtu wa kubishana. Lakini lilipaswa kuwa jambo la yeye kunieleza mimi.

Zaidi ya hapo kulikuwa na matundu. Mpiga rangi aliyafunika baadhi kwa pati, akidhani ni majeraha ya kutu, na yalipohitajika yakatobolewa upya kwa drili juu ya rangi iliyokwisha kukauka. Kingo za matundu hayo zilibaki chuma kitupu. Kutu huanzia hapo hapo, nyuma ya mkanda, mahali ambapo mwenye gari hataona mpaka rangi ivimbe. Utaratibu wa kazi ulipaswa kuwa kinyume: mikanda ijaribiwe kwenye bodi kabla ya rangi, matundu yahesabiwe na kuwekewa alama, kingo zake zipakwe rangi ya kuzuia kutu pamoja na bodi nzima, na vipete viwekwe kabla ya klipu ya kwanza kusukumwa. Katika karakana hii, kama katika nyingi za kwetu, urembo huachiwa siku ya mwisho, wakati kila mtu ana haraka na gari limekwisha kuahidiwa.

Kioo cha mbele kilinifundisha jambo hilo hilo kwa bei kubwa zaidi. Raba za kioo cha Beetle ni za aina mbili: moja ni bapa, ya magari yasiyo na urembo, na nyingine ina mfereji unaozunguka ambamo mstari wa kung'aa huzamishwa. Mstari huo, wenye vipande viwili vinavyokutana kwa viungo vidogo, hutiwa ndani ya raba wakati kioo na raba bado viko mezani. Ndipo kamba hupitishwa kwenye mdomo wa raba, maji ya sabuni yakapakwa, mtu mmoja akasukuma kioo kutoka nje na mwingine akavuta kamba kutoka ndani mpaka mdomo wote ukaupanda ukingo wa bodi. Mambo yakishafika hapo hakuna njia ya kuutia mstari bila kuuharibu. Mimi nilikuta kioo kimekaa barabara, hakivuji hata tone, na ndani ya raba bapa. Mistari ya kung'aa, iliyosuguliwa na kulipiwa, ilikuwa imefungwa vizuri kwa gazeti na kuwekwa kwenye siti ya nyuma.

Mwenye karakana alikubali kukitoa kioo na kukirudisha bila malipo ya kazi, lakini raba ya pili nikainunua mimi, kwa hoja kwamba ya kwanza "si mbovu". Hoja hiyo siikubali. Raba ilinunuliwa na karakana, kwa gari ambalo mistari yake ilikuwa juu ya meza yao wenyewe, na aliyekosea kuagiza ndiye anayepaswa kubaki na raba bapa. Kwa haki yake niseme kwamba kazi ya pili ilikwenda vizuri, na mstari umekaa bila pengo.

Ndani ya gari sina neno: mbao za ndani za milango zilizokuwa zimevimba kwa unyevu zilikatwa upya na kuvalishwa vizuri. Muda ulikuwa karibu maradufu ya ule tulioafikiana. Simu zilipokewa, jambo ambalo si la kawaida, ila jibu lilikuwa "kesho inshallah" hata pale kesho ilipokuwa haiwezekani.

Mtu akiniuliza, nitamwambia avue mikanda mwenyewe nyumbani, apige picha ya kila tundu na kila klipu ya zamani, awapelekee mikanda mitupu, na awakataze klia kwa maandishi. Bampa awaachie waipeleke Mombasa. Klipu, vipete na raba anunue yeye kwa kulinganisha na za zamani mkononi, azikabidhi zikiwa zimehesabiwa, na gari lisipelekwe kwa mpiga rangi mpaka mkanda wa mwisho uwe umejaribiwa kwenye bodi. Bei ya kila kipande iandikwe mapema, pamoja na nani atakayelipia kipuri kilichoagizwa visivyo. Mwenye karakana amekwisha kuniambia kwamba kwa gari langu la pili atakubali masharti hayo, nami nitampelekea wilkapu nne mwezi ujao.