Nyasi za preri kwa nyumba ya mjini: ipi ununue kwanza

Kwa anayeishi Minnesota, Iowa, Wisconsin au Illinois na ana kipande cha ardhi mbele ya nyumba, baridi isikutie hofu. Nyasi za preri, yaani zile mbuga pana za katikati ya Marekani, zilikuwepo kabla ya miji hii, zikivumilia theluji, moto na kwato za nyati. Kinachozing'oa siku hizi ni jirani anayeona magugu pale unapoona bustani, na mkaguzi wa manispaa anayekuja kupima urefu. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa swali moja: mpita njia akiiona, atajua imepandwa makusudi?

Majina nayaandika kama utakavyoyakuta kwenye kibandiko cha kopo. Soma lile la Kilatini, maana la Kiingereza hubadilika kutoka kitalu hadi kitalu.

1. Prairie dropseed (Sporobolus heterolepis)

Hii ndiyo ya kwanza, na sioni inayoikaribia. Majani yake ni membamba kama uzi, yanainama pande zote na kujaza nafasi bila kupita sana urefu wa goti. Zikipandwa kwa mstari kando ya njia, hata asiyejua bustani ataona kuna mtu anayezitunza. Mwishoni mwa kiangazi hutoa masuke mepesi yenye harufu. Wengine hunusa bisi, wengine giligilani. Mimi nanusa bisi zilizoanza kuungua, na wako wasioipenda kabisa, basi kainuse kitaluni kabla hujaipanga chini ya dirisha la chumba cha kulala. Majira ya majani kupukutika hugeuka rangi ya chungwa na dhahabu.

Kasoro yake ni uvivu. Ukianza na mche mdogo, huenda usione umbo lake kamili hadi mwaka wa tatu. Kwa sababu hiyo ni nyasi pekee humu ambayo ningelipia kopo la galoni badala ya mche mdogo, hasa kwa ile ya mbele kabisa. Aina iitwayo 'Tara' ni fupi kidogo na husimama wima zaidi.

2. Little bluestem (Schizachyrium scoparium)

Kwa uzuri mtupu ningeiweka juu. Kiangazi ni ya kijani chenye ubuluu, Oktoba inageuka nyekundu ya shaba, na rangi hiyo inabaki juu ya theluji hadi Machi. Chama cha wakulima wa mimea ya kudumu cha Marekani kiliichagua kuwa mmea wa mwaka 2022, na Nebraska na Kansas zimeifanya nyasi rasmi ya jimbo.

Sasa sikiliza linalowaudhi wanunuzi wengi. Mtu ananunua makopo mazuri yaliyosimama wima, anachimba mashimo, anatia mboji na samadi kwa moyo mkunjufu kama anapanda sukuma wiki, anamwagilia kila jioni. Kufika Agosti nyasi yote imelala chini. Anarudi kitaluni kulalamika kwamba kauziwa aina mbovu, kumbe kashibisha mmea uliozoea njaa. Little bluestem inataka jua la kutwa nzima, udongo wa kichanga au wenye kokoto, na maji ya kumwaga mwaka wa kwanza tu. Kama udongo wako ni ule mweusi wa Iowa unaootesha chochote, chagua aina iliyoteuliwa kwa kusimama, mfano 'Standing Ovation', na uzipande karibu karibu zishikiliane. 'The Blues' ina rangi ya kuvutia, ila hulala upesi. Kwenye kivuli usinunue aina yoyote ya nyasi hii.

3. Switchgrass (Panicum virgatum)

Ukitaka kuficha mashine ya kiyoyozi, mapipa ya taka au uzio wa jirani, nunua 'Northwind'. Iliteuliwa na Roy Diblik, mkulima wa maua wa Wisconsin, ikapata heshima ya mmea wa mwaka 2014. Inasimama wima kabisa, inafika mita moja na nusu hivi na kuzidi, na haijali udongo wa mfinyanzi wala pale maji ya paa yanapomwagikia. 'Shenandoah' ni fupi zaidi na ncha zake hugeuka nyekundu ya zabibu.

Usinunue mbegu za switchgrass ya kawaida kwa nafasi ndogo. Humwaga mbegu na kujiotesha yenyewe, na baada ya miaka michache utakuwa unaing'oa katikati ya maua mengine.

4. Sideoats grama (Bouteloua curtipendula)

Fupi, rahisi, ya bei nafuu. Mbegu zake huning'inia upande mmoja wa bua, na ikichanua utaona vifuko vyekundu vya chavua ukiinama. Kutoka mbali haionyeshi mengi, ndiyo maana iko hapa. Inafaa kando ya barabara palipo pakavu.

5. Big bluestem (Andropogon gerardii) na Indian grass (Sorghastrum nutans)

Hizi ndizo zilizoifanya preri kuwa preri. Ni za kabila moja na mtama, mahindi na muwa, na pia na nyasi nyingi za Serengeti na zile tulizozoea kuezekea, kwa hiyo mabua yake hayatakuwa mageni machoni pako. Big bluestem hupita kimo cha mtu, na mizizi yake inaweza kushuka mita tatu. Nazipenda mno. Lakini kwa kiwanja cha mjini ni kutafuta barua kutoka manispaa. Mwenye ekari moja nje ya mji azinunue kwa mbegu bila kusita.

Ukiingia duka kubwa la vifaa vya nyumba, utakuta zaidi nyasi zisizo za hapa. 'Karl Foerster', ile iliyojaa mbele ya benki na vituo vya mafuta, ni chotara wa Ulaya na Asia. Haina madhara, ila si ya preri. Miscanthus imetoka Asia na katika majimbo kadhaa imetoroka bustanini, iache. Fountain grass ya kawaida, Pennisetum setaceum, asili yake ni Afrika, na ile ya zambarau ni jamaa yake wa karibu. Kwenye baridi ya huku zote mbili hazivuki msimu, utalipia upya kila mwaka.

Kuhusu namna ya kununua, miche midogo ya trei ndiyo inayolipa. Hukamata udongo haraka, na kwa bei ya kopo moja la galoni mara nyingi unapata kadhaa. Mbegu ni za bei nafuu zaidi, lakini mgeni hawezi kutofautisha kichipukizi cha bluestem na gugu, na ataishia kupalilia alichopanda. Ukinunua mbegu, linganisha bei kwa uzito wa mbegu hai safi, si uzito wa mfuko, maana mfuko una makapi. Uliza pia kama miche imetokana na mbegu za eneo lako, na kama imepigwa dawa za kuua wadudu za jamii ya neonikotinoidi.

Aprili utakuta makopo yanaonekana yamekufa. Nyasi hizi husubiri joto, kwa hiyo toa mche taratibu uangalie mizizi: ikiwa myeupe na imara, nunua, na pengine uombe punguzo. Panda Mei au Juni. Kipande cha mita 2 kwa 3 kinahitaji miche 24 ya dropseed ukiipanda sentimita 50 kwa 50. Usitie mbolea.

Kabla ya kulipa, soma sheria ndogo ya mji wako na kanuni za chama cha wenye nyumba kama kipo. Minnesota ilipitisha sheria mwaka 2023 inayozitaka manispaa kuruhusu bustani za asili zinazotunzwa, ila neno la kuangalia ni kutunzwa: weka ukingo wa mawe, palilia, na mwisho wa Machi kata mabua yote kwa mkasi, ukiacha sentimita 10 hadi 15.