Tuliwaita watu wa kupanda miti shuleni: siku ilinoga, miche ndo ikatuangusha

Walimu wenzangu mnaouliza kama inafaa kuwaita hawa wanaokuja shuleni na gari la miche, wanapanda na watoto halafu wanaondoka, mimi nilishawaita. Jina lao nitabaki nalo. Nawapa nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za watoto.

Nianze na mazuri maana yapo. Kuongea na watoto wanajua, hakukuwa na hotuba ndeeefu za umuhimu wa mazingira juani, kila mtoto alikabidhiwa mche wake, wakubwa wakashika majembe na sururu, wadogo wakabeba samadi na ndoo za maji. Dada aliyekuwa anaongoza akawaonyesha kitu ambacho hata mimi nilikuwa sikijui vizuri: unapochimba shimo, udongo wa juu ule mweusi unauweka upande huu, wa chini ule mwekundu unauweka upande ule, ukija kufukia ule wa juu ndo unatangulia kuingia pamoja na samadi, kwa sababu ndo wenye chakula cha mti na mizizi inahitaji kuukuta kulekule chini. Hiyo watoto waliishika kuliko chochote nilichowahi kuwafundisha ubaoni, ukiwauliza leo wanakujibu kwa mikono.

Sasa tuje kwenye miche.

Walisema watafika saa mbili, wakafika saa nne na nusu, miche imepangwa nyuma ya pikapu bila turubai, imepigwa upepo njia nzima, majani yamelala. Sawa, gari huharibika. Ila kuna mtoto wa darasa la nne akaja na mche wake ananiuliza, mwalimu, na hii nailoni tunaizika? Nikamwambia hapana mwanangu, lete wembe. Tukachana kiriba, yaani ule mfuko wa nailoni wa mche, pale pale, aisee, mzizi mkuu ulivyofika chini umegeuka umejizungusha mara tatu kama kamba ya ndoo iliyokunjwa. Hiyo ni miche iliyokaa kitaluni muda mrefu kupita kiasi, na ubaya wake hauuoni siku hiyo, mti unaota vizuri tu unapendeza, ukishakuwa mkubwa mizizi inaendelea kujinyonga yenyewe, siku ya upepo mkali unalala chini. Tukachana vingine kama kumi hivi, zaidi ya nusu viko hivyo hivyo. Nikamwita dada, akasema tupasue tu kitako cha kiriba inatosha. Haitoshi jamani! Kiriba kinatoka chote, mzizi uliojisokota unakatwa, na kama umejisokota sana huo mche unawekwa pembeni haupandwi. Basi tukabaki na wembe mmoja na watoto mia mbili, foleni ndefu kama ya maji.

Jingine ni aina ya miti. Waliniuliza mnataka mingapi, hawakuniuliza mnataka ipi. Wakaleta mikaratusi na migrevilea basi. Mikaratusi wakataka kuipanga kando ya kisima, nikakataa kabisa, ule mti unakunywa maji hauna huruma. Mti wa matunda hata mmoja hakuna, wakati mtoto mwambie huu ni mparachichi wa kubebesha, yaani ulioungwa na kikonyo cha mti mwingine unaozaa, ukiutunza miaka mitatu minne unakula, uone kama atasahau kuumwagilia.

Na tarehe. Walitaka lazima iwe 5 Juni kwa sababu ndo Siku ya Mazingira Duniani na bango lao limeshachapwa. Mvua zetu wakati huo zilikuwa zinaaga. Mche unataka kuingia ardhini mvua zikiwa zimeshika, udongo umelowa mpaka chini, upate wiki kadhaa za kushika kabla jua halijaanza kazi yake. Kosa hili na mimi nimo, nilikubali.

Wakapiga picha, droni ikaruka, watoto wakashangilia droni kuliko miti hahaha, wakaondoka. Hawajarudi hata kuchungulia.

Kiangazi kikaja. Kilichotuokoa ni klabu ya mazingira, wakaanza kukusanya maji ya kunawia mikono, wengine wakatoboa chupa za plastiki wakazifukia pembeni ya mche maji yawe yanadondoka polepole, wakaweka majani makavu kuuzunguka mche lakini mbali kidogo na shina maana mchwa nao wapo. Mbuzi wa jirani wakala safu nzima ya karibu na uzio, hiyo siwalaumu wahusika, ingawa hata matawi ya miiba ya kuzungushia hawakututajia. Tulipohesabu baada ya kiangazi, kati ya miche 200 iliyokuwa hai ni 74. Kwenye ripoti yao imebaki 200.

Wangari Maathai, yule mama wa Kenya, alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977, akinamama walikuwa wanapewa kijihela kwa kila mche ulioshika. Kinachohesabika pale ni mti uliosimama. Hawa wetu wanahesabu mashimo.

Wamenipigia tena wanataka kuja mwaka huu. Nimewaambia waje mvua zikianza, nichague miti mwenyewe, nichane viriba vitano kabla gari halijashushwa, na warudi mara mbili kiangazi. Wamesema watanijibu. Wakati tunasubiri, darasa la tano waliokota mbegu za mwarobaini zikiwa ndo zimedondoka, maana zikikaa haziotagi tena, wakazipanda kwenye pakiti za maziwa nyuma ya darasa. Jana tatu zimechungulia, na tayari kuna ugomvi wa nani ni mwenye nazo.