Gazi: matembezi ya mikokoni na chakula cha mchana kijijini

Mgeni anayefikia katika hoteli za ufukweni kusini mwa Mombasa anaweza kukaa wiki nzima na kurudi kwao bila kuzungumza na mkazi wa Kwale, isipokuwa yule anayemletea kinywaji. Malipo yake yote yameshafanyika kabla hajapanda ndege, na anachokijua kuhusu pwani ni rangi ya mchanga. Ukiendelea na barabara ya Lunga Lunga hadi kiasi cha kilomita 50 kutoka Mombasa utafika Gazi, kijiji cha wavuvi ambako akina mama wa hapo hapo wanaendesha njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na baada ya matembezi humkaribisha mgeni chakula.

Njia yenyewe si ndefu, na anayekwenda kwa mwendo wa kupiga picha ataimaliza upesi asione lolote la maana. Thamani yake imo katika maelezo. Mama wa makamo aliyetuongoza alitaja kila mti kwa jina lake, mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi, akaeleza na kazi yake: upi hutoa boriti, upi huchongewa mitumbwi, upi hupendwa na nyuki. Alituchumia jani la mchu akatutaka tuliguse kwa ulimi, nalo lilikuwa na chumvi kweli, kwa kuwa mti huo hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Chini ya mbao, mizizi yake ya kupumulia ilikuwa imechomoza topeni kama penseli, na kaa wadogo wakikimbilia mashimoni kila tulipokanyaga kwa kishindo. Alituonyesha pia tunda la mkoko, ambalo huota likiwa bado juu ya mti, kisha hudondoka likiwa tayari mche.

Kinachoipa safari hii uzito ni kwamba msitu huo hautunzwi kwa ajili ya watalii. Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hii ilikatwa sana kwa kuni za viwanda na kwa boriti, na upandaji upya ulianza miaka ya 1990 kwa msaada wa watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, yenye kituo papo hapo Gazi. Tangu 2013 mradi wa wanakijiji uitwao Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu, yaani wanunuzi huwalipa wanakijiji ili msitu uendelee kuifyonza na kuihifadhi hewa hiyo, na mapato yake yamelipia maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo utalii hapa ni kipato cha nyongeza juu ya uvuvi na utunzaji wa msitu, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloufanya uwe wa heshima. Watalii walipokatika ghafla mwaka 2020, vijiji vingi vilivyojijenga juu ya kucheza ngoma mbele ya kamera vilibaki mikono mitupu. Mikoko ya Gazi haikuacha kuota.

Chakula ni wali wa nazi, samaki wa kupaka na kachumbari, na ni kitamu kuliko vingi vinavyouzwa kwa bei mara kadhaa hotelini. Huliwa bila haraka, na wenyeji huuliza maswali kama wanavyoulizwa: unatoka wapi, kwenu mnapika nini, mbona watoto hukuja nao. Asiyependa kuulizwa habari zake, na anayedai kivuli na kiyoyozi wakati wote, abaki ufukweni, kwa kuwa jua la mikokoni ni kali na harufu ya tope haifichiki.

Usafiri ni rahisi: matatu za kutoka Likoni kuelekea Msambweni humshusha abiria kwenye njia panda ya Gazi, na kutoka hapo bodaboda humaliza safari. Ni vyema kuuliza mapema saa za maji kujaa na kupwa, kwani maji yakipwa ndipo mizizi na kaa huonekana vizuri, na kuagiza chakula siku moja kabla ili samaki anunuliwe kulingana na idadi ya wageni.