Ukumbi wa okestra: sanduku la viatu au matuta ya mizabibu?

Ukumbi wa Musikverein wa Vienna (1870) ni sanduku refu, kama la viatu, lenye upana wa mita 19 hivi. Kuta zikiwa karibu namna hiyo, sauti inayorudi kutoka pembeni humfikia msikilizaji mapema, naye hujihisi amezungukwa na muziki. Sanamu na nakshi zake si pambo tu, hutawanya sauti. Kuta mbili tupu zinazotazamana huzaa mwangwi wa kudundadunda.

Ukumbi wa Philharmonie wa Berlin (1963) umezungushia jukwaa viti vya matuta, yaani vilivyopangwa kwa ngazi kama shamba la mizabibu mlimani. Kuta ziko mbali, hivyo kingo za matuta na paneli zilizoning'inizwa juu ya jukwaa ndizo zinazorudisha sauti. Pembe zikikosewa, baadhi ya viti hukosa sauti nzuri. Na aliyeketi nyuma ya mwimbaji atamsikia hafifu hata hesabu ikiwa sahihi.

Kwa gharama na uhakika, sanduku linaongoza. Ila likipanuliwa kubeba watu zaidi ya 2,000, faida ya sauti ya pembeni hupungua. Matuta huwaweka wengi karibu na wapigaji. Kwa watu 1,200 na kwaya, chukua sanduku. Kwa umati unaotaka kumwona kondakta usoni, matuta.