Uzoefu wangu: laisini na methionini kwenye chakula cha kambale (nipo Moshi)

Habari wadau wa samaki. Mi nafuga kambale Mabogini, huku chini ya mji kwenye mpunga, nina mabwawa mawili ya turubai, na miezi mitano sasa nimekuwa nachanganya laisini na methionini (asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zinauzwa dukani zikiwa peke yake) kwenye chakula ninachosaga mwenyewe, nikaona niwaambie nilichokiona maana dukani unaelezwa nusu tu.

Kilichonifikisha huku ni dagaa. Dagaa wa ziwani wakipanda bei pale soko la Mbuyuni na chakula chote kinapanda, na ukipata wa bei rahisi ujue kuna mchanga, nilishawahi kuloweka kikombe kimoja nikakuta chini tabaka la mchanga unene wa kidole, na huo nao nimeulipia kwa kilo. Mwaka jana nikapunguza dagaa nikaongeza soya ya kukaanga na mashudu ya alizeti, protini ikashuka toka kama asilimia 38 hadi 32. Samaki wakadumaa, wanakula vizuri tu ila hawaongezeki.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Soya ina methionini kidogo, mahindi na alizeti zina laisini kidogo, sasa ukitoa dagaa unakuwa umetoa vyote viwili. Fundi cherehani akiwa na kitambaa cha mashati kumi na vifungo vya mashati sita, atatoa mashati sita. Kitambaa kinachobaki ni hasara, na kwa samaki hasara hiyo ni protini asiyoweza kuitumia kujenga mwili kwa kukosa laisini au methionini, inatoka kwenye mashavu kama amonia inarudi kwenye maji hayohayo anayoishi.

Nikaamua kuongeza laisini na methionini za dukani. Mara ya kwanza nilinunua ya kupimiwa, mfuko umeshafunguliwa hauna hata lebo, nikatumia mwezi mzima hamna kitu. Baadaye nikanunua iliyofungwa na tofauti nikaiona kwa macho: laisini ni chengachenga rangi ya kahawia hafifu, methionini ni nyeupe inameremeta na ina harufu kama kabichi iliyochemka sana. Ile ya kwanza ilikuwa unga mkavu tu, hainuki chochote. Iliniuma sana.

Halafu kuna hili la maji, naomba mlizingatie. Hivi vitu vinayeyuka haraka mno. Nilikuwa nanyunyizia juu ya pelleti (vidonge vya chakula), basi kabla kambale hajameza nusu imeshaingia bwawani. Sikuhizi napika uji mzito wa muhogo, ukipoa nakorogea humo, gramu 400 za laisini na 200 za methionini kwa kilo 100 za chakula, ndio nachanganya na vingine napitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, naanika kivulini. Ukitupia pelleti kwenye glasi ya maji inakaa dakika kumi bila kumomonyoka. Na nalisha mara tatu kwa siku kidogokidogo, kwa sababu laisini ya dukani inaingia mwilini haraka kuliko ile iliyo ndani ya soya, ukimlisha mara moja tu kwa siku nyingi inapotea bure.

Matokeo: bwawa moja niliacha chakula cha dagaa wengi, la pili hiki cha asilimia 32 chenye laisini na methionini. Nilipopima samaki 20 kila bwawa, la dagaa wastani gramu 610, la pili gramu 585. Hawajalingana, nasema ukweli, ila mfuko wa chakula umenishukia bei vya kutosha na maji ya bwawa la pili hayanuki sana asubuhi, nabadilisha mara chache.

Vifaranga siwapunguzii protini kabisa, wale wadogo wanahitaji zaidi. Na mwezi wa 6 na wa 7 baridi ikishuka huku kwetu kambale wanagoma kula, hapo usitegemee laisini na methionini zikusaidie.

Ukinunua hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, laisini ikipata unyevu inashikana mabonge na hutaweza kuipima sawasawa.