Nilinunua miche mitano ya mukawa, nikapata minne

Aprili 2021, mvua za masika zilipoanza, nilinunua miche mitano kwa muuzaji wa kando ya barabara upande wa Machakos, shilingi 80 kila mmoja. Nilitaka ua wa miiba ambao watoto wangeweza kuchuma kitu cha kula. Kayaba, mti wa miiba wa kuzungushia ua, tumeizoea, lakini ililetwa kutoka kusini mwa Afrika na tunda lake ni kali, linakunja uso. Mukawa ni wa hapa hapa. Wakamba na Wakikuyu tunauita hivyo, Wamaasai wanasema olamuriaki, na Kiswahili chake ni mtandamboo, jina ambalo mbele ya mama mkwe sitalitamka. Wataalamu wa mimea wanauita Carissa edulis, au Carissa spinarum.

Mwaka wa kwanza miche ilikaa tu kama imenisusa. Nilimwagilia mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, na mbuzi wa jirani akaja kula majani ya miwili mpaka ikabaki vijiti. Ilichipua tena. Baada ya hapo sikumwagilia tena, na udongo wangu ni wa mawe matupu. Mwaka wa tatu ua ulinifika kifuani, miiba mirefu kama kidole, na mbuzi huyo sasa anapita mbali.

Mche wa tano ndio ulionifanya niandike haya. Ulikua vizuri kuliko wenzake, majani mapana, magumu, yanang'aa, wala hauna mwiba hata mmoja. Nilikuwa nausifu kwa wageni kwamba huu ndio mstaarabu. Ukatoa maua meupe yenye wekundu kidogo, harufu tamu, sawa kabisa na ya mukawa. Kisha mama akaja kutoka kijijini, akazunguka ua polepole, akasimama.

"Mwanangu, mti wa sumu ya mishale umefikaje hapa?"

Ulikuwa msunguti. Wawindaji wa zamani walichemsha magome na mizizi yake kupata sumu ya kupaka kwenye mishale. Ni wa ukoo mmoja na mukawa: yote miwili ina utomvu mweupe, majani yanayotoka mawili mawili yakikabiliana, na vitunda vinavyoiva kuwa vya zambarau. Alama iliyo wazi ni miiba. Mukawa unayo, msunguti hauna. Niliung'oa siku hiyo hiyo, nikiwa nimevaa glavu, kabla vitunda havijatokea. Nilimrudia muuzaji, akacheka: "Yote ni mukawa tu, mkubwa." Hakunirudishia hata shilingi. Basi ukinunua, papasa shina la mche. Kama hakuna kinachokuchoma, rudisha pesa mfukoni, hata kama mwenye kitalu ni rafiki yako.

Matunda ya ile minne nilianza kuyaona 2024. Ni madogo, kama sentimita moja, yanaanza mekundu na kuishia karibu meusi. Yakiwa meusi ni matamu, yenye mbegu chache ndani. Ukiyawahi yakiwa mekundu utomvu unanata mdomoni kama gundi. Watoto wangu walijifunza hilo siku moja tu. Nguo za shule ndizo zinazoumia, doa lile halitoki kirahisi.

Kosa langu lilikuwa kupunguza ua kila mwezi ili uonekane nadhifu. Maua ya mukawa hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo nilikuwa nakata matunda kabla hayajazaliwa. Sasa upande wa barabara naukata, upande wa ndani nauacha uwe kichaka. Ndege aina ya shore wanachukua sehemu yao mapema asubuhi, na sigombani nao. Kinachobaki kinatosha watoto, na mara mbili kimetosha jamu, kikombe kimoja kila mara. Usitegemee biashara hapa.

Mzee mmoja Mmaasai anayepita na ng'ombe aliniomba mizizi ya kutia kwenye supu. Nilimwambia asubiri ua ukomae. Alicheka, akanionyesha machipukizi yaliyotoka kwenye mizizi, hatua mbili kutoka shinani. Nililichimba moja, nikalikagua miiba mara tatu, nikalipanda kwenye pengo la msunguti.