TAHADHARI: Kuna matapeli "wanaosajili wajawazito" kwa jina la TASAF

Dada zangu, mama zangu, nanyi kina baba wenye wake wajawazito, naomba msome mpaka mwisho.

Huku mtaani kwetu wamepita mama mmoja na kijana mwenye begi, wamevaa vitambulisho shingoni. Siku za kliniki wanakaa njia ya kwenda zahanati na kuwafuata wajawazito na wanaonyonyesha. Wanasema serikali, kupitia TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), imetoa pesa ya lishe kwa kila mwenye mimba, nafasi zinaisha leo, fomu ni 10,000. Wanapiga picha kadi ya kliniki, wanachukua namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), kisha unaambiwa uweke kidole kwenye kimashine.

Hiyo elfu kumi inauma, lakini kidole ndicho hatari zaidi. Laini za simu husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole. Jirani yangu, mimba ya miezi saba, alipobonyeza *106#, namba ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa jina lako, alikuta laini asizozijua kwa jina lake. Laini kama hizo ndizo za kutapelia wengine, na kesi ikija, anayetafutwa ni yeye. Kumfanyia hivi mwanamke anayehangaikia hela ya nguo za mtoto ni ukatili.

Sasa jueni utaratibu. Mpango wa TASAF wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza 2012, haumpi mtu pesa kwa sababu tu ana mimba. Kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji, mtaa au shehia, mbele ya majirani, kisha hujaziwa dodoso. Kaya ikishaingia, mjamzito na mtoto mdogo wanatakiwa wahudhurie kliniki, na ruzuku hulipwa kila baada ya miezi miwili. Kuandikishwa hakulipiwi. Wala hakufanyiki barabarani.

Kama uliweka kidole, bonyeza *106# leo hii. Ukiona laini usiyoijua, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la mtandao husika waifute, kisha utoe taarifa polisi. Meseji zao usizifute, ni ushahidi. Zitume kwenda 15040, namba ya kuripoti meseji za kitapeli. Mtu akija na habari za TASAF, mwambie mwende wote kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Huku kwetu walipoambiwa hivyo waliondoka haraka.

Wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii mnaosoma hapa, tangazeni asubuhi kabla ya kupima uzito. Wengi wanaofuatwa hawana simu ya kuingia mtandaoni, hawataiona hii.